Sarafu ya Mfalme Aliyetekwa: Habari za Faranga ya Kwanza

  Msomaji, pengine betri za redio zilikuishia katikati ya maneno. Yote yaliyosemwa hewani yamechapwa hapa, tena wewe una bahati kuliko aliyesikiliza, kwa maana picha ambayo nilijaribu kuichora kwa mdomo wewe utaweza kuichora kwa kalamu, taratibu, ukirudia mstari pale utakapopotea.

Leo tutaanza na neno moja ambalo watu wengi wanalo mfukoni. Msomaji wa Bujumbura analo, wa Kigali analo, wa Bukavu na Lubumbashi pia, na ndugu zetu wa Visiwa vya Komoro. Neno lenyewe ni faranga. Aliye Mombasa au Dar es Salaam atasema, "Mimi ni mtu wa shilingi, hayo hayanihusu." Na avumilie kidogo, maana shilingi nayo itaingia katika habari hizi.

Neno faranga kama jina la fedha lina umri wa zaidi ya miaka 660. Lilianza tarehe 5 Desemba, 1360, katika mji wa Compiègne, kaskazini ya Paris, katika amri iliyotolewa na Mfalme Jean wa Pili wa Ufaransa. Katika amri hiyo aliagiza ipigwe sarafu mpya ya dhahabu safi. Mfalme huyo alikuwa amerudi kwake wiki chache tu zilizopita, baada ya kukaa miaka minne akiwa mateka mikononi mwa Waingereza. Alikuwa ameachiliwa, lakini deni lake halijalipwa. Hebu kwanza tuitazame sarafu yenyewe, kisha tuulize ilitoka wapi.

Chukua karatasi uchore duara yenye upana pungufu kidogo ya sentimita tatu. Hiyo ndiyo sarafu yetu. Ni pana, lakini ni nyembamba sana, karibu kama ukucha, kwa sababu uzito wake wote ni gramu 3.88, yaani kama sukari ya kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa. Kwa kipimo cha siku zile, marki moja ya Paris, uzito wa gramu 245 hivi, ilitoa sarafu 63. Dhahabu yake ilikuwa ya karati 24, maana yake haikuchanganywa na madini mengine kwa kusudi.

Sasa ndani ya duara mchore farasi. Asiwe amesimama, anakwenda mbio kuelekea mkono wako wa kushoto, miguu imenyooka, na nguo ndefu aliyovikwa inapepea nyuma. Juu yake yupo mpanda farasi aliyevaa deraya, na kichwani ana kofia ya chuma yenye taji. Mkono wake wa kulia umeinuliwa juu, na mkononi ameshika upanga ulio wazi. Juu ya deraya amevaa vazi lililojaa maua ya yungiyungi, na nguo ya farasi imejaa maua hayohayo. Yungiyungi lilikuwa alama ya wafalme wa Ufaransa, kwa hiyo hata asiyejua kusoma aliweza kumtambua mpandaji huyu ni nani. Wengi hawakujua kusoma.

Kandokando ya picha yamezungushwa maneno ya Kilatini: IOHANNES DEI GRACIA FRANCORUM REX. Herufi nyingine zimekatwa ili maneno yatoshe katika duara. Maana yake ni kwamba huyu ni Yohane, kwa neema ya Mungu, Mfalme wa Wafranki, na Wafranki ndio kabila la kale ambalo nchi ya Ufaransa ilipata jina kwao.

Igeuze sarafu. Upande wa pili hauna mtu. Katikati pana msalaba, na ncha zake zimepambwa kama majani na maua yanayochipuka. Msalaba huo umezungukwa na fremu ya matao manne. Kandoni kuna maneno yanayomtaja Kristo mara tatu: kwamba anashinda, anatawala, anaamuru. Hapa msomaji makini atashangaa akiona jina la Kristo limeandikwa XPC. Si herufi tunazozijua sisi. Ni herufi za Kiyunani zilizobaki kutoka zamani. Ile inayofanana na X husomwa kama KH, na ile inayofanana na P husomwa kama R. Wachongaji wa Ufaransa waliendelea kuzichonga hivyo kwa desturi, kizazi baada ya kizazi.

Kabla ya sarafu hii, dhahabu ya Ufaransa haikumwonyesha mfalme akipigana hivi. Baba yake Jean, Mfalme Philippe wa Sita, alipiga mwaka 1337 sarafu iliyomwonyesha ameketi katika kiti cha enzi na ngao ubavuni. Jean mwenyewe, mwaka 1355, alipiga sarafu yenye picha ya mwana-kondoo wa Mungu, na watu wakaiita kondoo tu. Sasa ghafla, mwaka 1360, mfalme yuko mbioni juu ya farasi, upanga juu, kama anayewafukuza adui zake. Ndiyo maana wenye kuchunguza sarafu huiita faranga ya farasi.

Lakini siku ile ya vita iliyomponza, Mfalme Jean hakuwa juu ya farasi.

Vita hivyo vilipiganwa tarehe 19 Septemba, 1356, karibu na mji wa Poitiers. Wafalme wa Ufaransa na Uingereza walikuwa wakigombea taji na ardhi tangu 1337, katika ugomvi uliokuja kuitwa Vita vya Miaka Mia. Jeshi la Uingereza liliongozwa na Edward, mwana wa Mfalme Edward wa Tatu, yule ambaye baadaye alipewa jina la Mwana-Mfalme Mweusi. Jeshi lake lilikuwa dogo kuliko la Wafaransa, limechoka, limebeba nyara nyingi. Lakini lilikuwa na wapiga mishale hodari, na lilisimama nyuma ya ua wa miti na mizabibu mahali ambapo farasi hapiti kwa urahisi. Wafaransa walikumbuka jinsi farasi wao walivyochomwa mishale huko Crécy mwaka 1346. Kwa hiyo Jean aliamuru karibu watu wake wote washuke, wapigane kwa miguu. Yeye mwenyewe alishuka.

Kikosi cha kwanza kilivunjika. Cha pili kilishindwa kikarudi nyuma. Kingine kiliondoka uwanjani bila kupigana, jambo ambalo watu wa Ufaransa hawakulisahau. Mfalme alisonga mbele na kikosi cha mwisho, akipigana kwa shoka la vita, na pembeni yake mwanawe mdogo Philippe, kijana wa miaka 14. Mwisho walizingirwa. Askari waligombana juu yake, kila mmoja akidai, "Ni mateka wangu," kwa kuwa kumkamata mtu mkubwa ilikuwa njia ya kutajirika. Jean alijisalimisha kwa Denis de Morbecque, mpiganaji kutoka Artois aliyekuwa akiwatumikia Waingereza. Basi mfalme akapelekwa Bordeaux, na mwaka uliofuata London.

Sasa tazama tena picha uliyoichora. Sisemi kwamba mchongaji alidanganya. Sarafu haikuwa gazeti. Lakini mtu aliyetekwa akiwa kwa miguu, akakaa miaka minne katika nchi ya watu, akirudi nyumbani anataka kuonekana juu ya farasi. Mimi naona hivyo, na msomaji yu huru kuona vingine.

Wakati mfalme yuko Uingereza nchi ilimwangukia mwanawe mkubwa Charles, aliyekuwa na umri wa miaka 18 tu. Miaka hiyo ilikuwa mibaya. Mjini Paris mkuu wa wafanya biashara, Étienne Marcel, aliongoza watu waliotaka serikali itengenezwe na matumizi ya fedha yasimamiwe; aliuawa Julai 1358. Mwishoni mwa Mei mwaka huohuo wakulima wa kaskazini ya Paris waliinuka juu ya mabwana zao, wakachoma majumba. Walikuwa wameona mabwana wakishindwa vitani, kisha wakirudi kudai michango ileile kana kwamba wamewalinda. Maasi hayo yalizimwa mnamo Juni, kwa ukatili mkubwa.

Mkataba wa amani ulikubaliwa katika kijiji cha Brétigny mwezi Mei 1360, ukathibitishwa huko Calais mwezi Oktoba. Edward alipewa nchi kubwa ya kusini-magharibi, Aquitaine, pamoja na Calais na sehemu nyingine. Na fidia ya mfalme ikawekwa: eku za dhahabu 3,000,000. Mkataba ulisema kila eku mbili zihesabiwe sawa na nobuli moja ya Uingereza. Nobuli moja ilikuwa na uzito wa gramu 7.8 hivi. Piga hesabu katika daftari lako, nusu ya gramu 7.8 mara milioni tatu, utapata kwamba kichwa cha mtu mmoja kilipangiwa bei ya zaidi ya tani kumi na moja za dhahabu.

Malipo ya kwanza yalitakiwa kuwa eku 600,000 kabla mfalme hajatoka, kisha 400,000 kila mwaka kwa miaka sita. Hazina ilikuwa tupu. Msaada ulipatikana kwa njia ambayo hata leo inatia uchungu. Galeazzo Visconti, mtawala wa Milano huko Italia, alikuwa na fedha nyingi lakini ukoo wake haukuwa wa kifalme. Alikubali kutoa dhahabu nyingi ili mwanawe aoe binti wa Mfalme wa Ufaransa. Binti huyo, Isabelle, alikuwa na miaka 12. Bwana arusi alikuwa na miaka tisa. Hata hivyo, zilipatikana 400,000 tu. Waingereza walizipokea, wakamwachia mfalme mwisho wa Oktoba, na kwa deni lililobaki wakashika rehani watu: wana wawili wa mfalme, ndugu yake, mabwana wakubwa, na raia wa Paris na wa miji mingine.

Hapa inafaa nisahihishe kosa moja linalorudiwa mara nyingi. Utasikia watu wakisema kwamba faranga ilipigwa ili kumkomboa mfalme. Tarehe zenyewe zinakataa. Mfalme alitoka mwezi Oktoba. Amri ya faranga ilitolewa mwezi Desemba. Faranga haikumfungulia mlango. Kazi yake ilikuwa nyingine, nayo ni kubwa zaidi: kuwarudishia watu imani katika fedha, ili kodi ya kulipia deni lililobaki iweze kukusanywa.

Kwa nini imani ilikuwa imepotea? Fikiri juu ya mwuza maziwa. Ana lita kumi. Anatia maji lita tano. Anauza kumi na tano kwa bei ileile. Siku ya kwanza anafaidi. Siku ya tatu wanunuzi wameonja, na kila mmoja anataka kupunguza bei, hata siku ambayo maziwa ni safi. Wafalme wa Ufaransa walifanya hivyo na sarafu. Mfalme ndiye mwenye kiwanda. Aliamuru sarafu za fedha za zamani ziletwe, akaziyeyusha, akachanganya shaba zaidi, akapiga sarafu nyingi kuliko zile zilizoletwa, zenye jina lilelile. Ziada ikawa yake, nayo ikalipa askari. Kadiri shaba ilivyozidi, sarafu zilipotumika zilifanya weusi, na watu wakaziita pesa nyeusi kwa dharau. Jean na baba yake walifanya hivyo mara nyingi mno, na kuna miaka ambayo thamani ilibadilishwa mara kadhaa kabla mwaka haujaisha. Mtu aliyekopesha mwezi wa kwanza alilipwa mwezi wa sita kwa hesabu ileile lakini kwa fedha haba. Mfanyakazi aliyepatana ujira wa mwaka alikwenda sokoni akakuta mkate umepanda.

Kulikuwa na mwanachuoni aliyeandika kupinga desturi hiyo, jina lake Nicole Oresme. Mnamo 1355 hivi alitunga kitabu kidogo kwa Kilatini juu ya fedha. Hoja yake ni kwamba, ingawa sarafu ina chapa ya mfalme, fedha si mali ya mfalme. Ni mali ya watu wanaoitumia, waliotoa kazi yao au mazao yao ili kuipata. Mfalme anayeipunguza kwa siri anawaibia. Ilihitaji moyo kuyasema hayo karne ya 14. Oresme hakukatwa kichwa. Baadaye akawa mshauri wa Charles alipokuwa mfalme, na mwaka 1377 akafanywa Askofu wa Lisieux.

Sasa tunafika kwenye shilingi niliyoiahidi. Wafaransa wa siku zile walihesabu kwa livra, soli na dinari. Dinari 12 ni soli moja. Soli 20 ni livra moja. Kwa hiyo livra ina dinari 240. Wazee wetu wataitambua hesabu hii mara moja. Ni ileile ya Kiingereza ya paundi, shilingi 20, na peni 12 katika kila shilingi, kwa maana zote mbili zilitoka kwa watawala wa kale wa Wafranki. Livra yenyewe maana yake ni ratili, uzito wa fedha. Lakini kwa kawaida livra ilikuwa jina la kuhesabia tu. Mtu aliandika katika daftari "livra kumi," kisha akalipa kwa sarafu yoyote aliyokuwa nayo, kwa kadiri ya thamani iliyotangazwa wiki ile. Wasomaji wa Kenya waliofanya kazi ya uhasibu serikalini zamani watakumbuka paundi ya Kenya: iliandikwa vitabuni kuwa ni shilingi 20, lakini hapana mtu aliyeishika mkononi, kwa kuwa noti yake haikuwapo.

Amri ya Compiègne iliweka faranga moja ya dhahabu iwe livra moja kamili, soli 20, wala isibadilike. Na haikubadilika. Kwa zaidi ya miaka ishirini ilikaa palepale, hata wafanya biashara wakaacha kutofautisha. Livra ikaitwa faranga na faranga ikaitwa livra. Mazoea hayo yalidumu katika vinywa vya watu hata sarafu yenyewe ilipokwisha kutoweka.

Fedha nzuri ilikuja na kodi nzito. Amri ya wakati huohuo iliweka ushuru wa dinari 12 katika kila livra ya bidhaa iliyouzwa, yaani sehemu moja katika ishirini. Ukiuza ng'ombe kwa livra moja, dinari 12 si zako. Chumvi ilitozwa sehemu moja katika tano. Divai sehemu moja katika kumi na tatu.

Nilipoeleza habari hizi katika darasa moja la watu wazima, mzee mmoja aliyekuwa akijifunza kusoma alinyosha mkono akaniuliza, "Bwana Elimu, mfalme kakamatwa katika vita vyake mwenyewe; mbona mwenye ng'ombe ndiye alipe?" Darasa lilicheka, lakini swali halikuwa la kuchekesha. Nilimjibu, "Mzee wangu, sheria ya wakati ule ilisema hivyo." Kwa desturi yao, mtu aliyeshika ardhi ya bwana alipaswa kumchangia katika mambo machache maalum, kama vile bwana anapomwoza binti yake mkubwa, anapomfanya mwanawe mkubwa kuwa mpiganaji wa cheo, na anapotekwa. Hayo yalikuwa kati ya bwana na watu wake. Jipya lililofanyika mwaka 1360 ni kwamba bwana aliyetekwa alikuwa mfalme wa nchi nzima, kwa hiyo mchango ukawa wa nchi nzima, kila mwaka, sokoni, kwa kila auzaye. Mzee yule alitikisa kichwa. Sidhani jibu langu lilimtosha.

Kodi hizo ziliwekwa kwa ajili ya deni la miaka sita. Charles, alipokuwa anakufa Septemba 1380, alifuta kodi ya kila nyumba iliyokuwa imeongezwa baadaye. Nyingine zilifutwa mwaka huo na kurudishwa muda mfupi baadaye, na watu wa Paris wakafanya ghasia mwaka 1382. Kodi ya chumvi, ambayo Philippe wa Sita ndiye aliyeianza, ilikaa mpaka Mapinduzi ya Ufaransa yalipoifuta mwaka 1790. Napoleon akairudisha mwaka 1806.

Tuseme kidogo jinsi sarafu hii ilivyotengenezwa, kwa kuwa hapakuwa na mashine. Dhahabu iliyeyushwa, ikafuliwa kuwa bamba jembamba, ikakatwa vipande vya mviringo, na kila kipande kikapimwa katika mizani. Kilichozidi uzito kilipunguzwa kwa mkasi. Kilichopungua kilirudi kwenye moto. Kisha fundi aliketi mbele ya gogo. Ndani ya gogo kulichomekwa muhuri wa chuma wenye picha moja, umeelekea juu. Juu yake aliweka kipande cha dhahabu, na juu ya kipande muhuri wa pili aliouweka kwa mkono wa kushoto. Kwa mkono wa kulia akapiga nyundo. Ndiyo sababu hakuna faranga mbili zilizo sawasawa kabisa. Katika nyingine farasi yuko kati, katika nyingine kwato zake zinakaribia ukingo. Na kwa kuwa ukingo haukuwa na mistari kama sarafu za siku hizi, wezi waliweza kunyoa unga kidogo wa dhahabu pembeni bila kutambuliwa upesi. Mfanya biashara mwenye akili hakuhesabu tu, alipima.

Mbona iliitwa faranga? Wataalamu hugawanyika. Wengine husema limetokana na lile neno la kandoni, Francorum, la Wafranki. Wengine hukumbusha kwamba katika Kifaransa neno lilelile lina maana ya aliye huru, na mfalme alikuwa ndiyo kwanza ametoka kifungoni. Kwangu mimi hoja zote mbili zina nguvu, na yawezekana watu wa siku zile walizisikia zote mbili kwa pamoja katika neno moja, wala wasione haja ya kuchagua.

Uhuru huo haukudumu. Mwaka 1363 mwana wa mfalme aitwaye Louis, mmoja wa wale waliowekwa rehani, aliyekuwa ameoa muda mfupi kabla ya kutolewa mateka, alitoroka akarudi kwa mkewe, akakataa kurejea. Baba yake alifedheheka. Januari 1364 Jean alivuka bahari kwa hiari yake, akarudi London. Wengine husema ni kwa ajili ya heshima ya neno lake. Wengine, alitaka kupatana upya juu ya deni. Alipokelewa kwa karamu, akaugua, akafa katika jumba la Savoy tarehe 8 Aprili, 1364, hajatimiza miaka 45. Mwili wake ulirudishwa Ufaransa ukazikwa Saint-Denis. Fidia haikumalizwa kulipwa kamwe. Vita vilianza upya mwaka 1369.

Charles, Mfalme wa Tano wa jina hilo, alibadili picha mwaka 1365. Katika faranga yake mfalme amesimama kwa miguu, tuli, chini ya paa lililochongwa kama mlango wa kanisa, ameshika upanga na fimbo ya hukumu. Hakuwa mtu wa kupanda farasi vitani. Alikuwa msomaji wa vitabu, na nchi nyingi alizozipoteza baba yake alizirudisha kwa kutumia makamanda wake. Faranga ya farasi, hata hivyo, ilikwisha kupendwa. Louis de Male, mtawala wa Flanders, aliiga sarafu hiyo akaweka jina lake mwenyewe juu ya mpandaji yuleyule.

Mambo yaliyofuata nitayapita upesi. Henri wa Tatu alipiga faranga ya fedha mwaka 1575. Mapinduzi yalipovunja hesabu ya livra na soli, faranga ilifanywa fedha ya nchi mwaka 1795, ikagawanywa kwa mia. Mwaka 1803 iliwekwa kuwa na gramu tano za fedha. Ubelgiji iliichukua mwaka 1832. Leopold wa Pili aliipeleka Kongo mwaka 1887, na baada ya Wajerumani kuondolewa Rwanda na Burundi katika Vita Vikuu vya Kwanza, Wabelgiji waliileta huko mahali pa rupia. Kongo waliiacha mwaka 1967 wakatumia zaire, kisha wakarudi kwenye faranga mwaka 1998. Komoro waliipata kwa Wafaransa. Katika Kinyarwanda neno hilo limepanuka hata likawa na maana ya fedha yoyote. Mtu husema amafaranga kama sisi tunavyosema pesa.

Ufaransa yenyewe haina faranga tena. Thamani yake ilifungwa kwenye yuro tarehe 1 Januari, 1999, na sarafu na noti zake zikatoka sokoni tarehe 17 Februari, 2002. Kwa hiyo mtoto wa Gitega anayetumwa dukani kununua chumvi anataja kwa jina ile fedha ya Compiègne ambayo mtoto wa Paris haitaji tena.

Wenye vikundi vya kusikiliza, someni tena sehemu ya maziwa na ile ya dinari 12, kisha mtu mmoja apige hesabu ubaoni: livra 35 za mauzo, ushuru ni kiasi gani? Jibu litolewe kwa dinari, kisha kwa soli. Kwaherini.